Kokoto za Babu Korongo

Alhamisi, tarehe tisa Mei. Manyunyu yalianza kabla ya mapambazuko na yakaendelea kudondoka bila haraka, huku ukungu ukitanda juu ya bwawa hata matete hayakuonekana.

Inspekta alipofika kituoni koti lake lilikuwa limelowa mabegani. Hakulivua. Alichukua ufunguo kaunta akaenda moja kwa moja mahabusu, alikokuwa mtu mmoja tu: mwindaji ambaye mtaa mzima ulimwita Gobore.

"Umeamkaje?"

"Nimeamka bila kulala, afande. Kunguni wenu hawana nidhamu."

Inspekta alivuta kigoda akaketi upande wake wa nondo. Tangu mvua kubwa zipungue, bata mwitu walikuwa wanakufa bwawani. Juzi daktari wa mifugo alipima damu ya wachache waliookotwa wakiwa bado wanapumua, akaikuta imejaa risasi, ile metali nzito ya kijivu wanayoyeyusha watu kutengeneza betri za magari na marisau ya kuwindia. Mkuu wa kituo hakuhitaji zaidi. Mwenye bunduki ya kuwindia bata ni mmoja tu mtaani, na sasa alikuwa ndani.

Lakini Inspekta hakuja kituoni mapema vile kwa ajili ya ndege. Katika wodi ya watoto alilazwa binti mdogo, mjukuu wa mlinzi wa bwawa, na damu yake ilikuwa na metali ileile. Vitanda vilikuwa haba. Mchana huo hospitali ingemruhusu arudi nyumbani, na hakuna aliyejua ameipata wapi sumu hiyo. Kumrudisha kabla ya kujua ilikuwa ni kumrudisha mdomoni mwa sumu hiyo.

"Jana ulisema hukumwaga kitu bwawani."

"Na leo nasema hivyo hivyo. Fikiria, afande. Bata ndiyo mboga yangu. Nani anatia sumu kwenye sufuria yake mwenyewe?"

"Marisau yako yanaangukia majini."

"Yanaangukia upande wa kiwanda cha nondo, ndiko ninakopiga. Kwa Babu Korongo sisogei. Mlinzi yule mzee ana mawe, na ana shabaha kunishinda."

"Na waliokufa umewaona wapi?"

Gobore alikuna ndevu. "Kwake. Wote kwake, pale kwenye ufuo wa kokoto. Huku kwangu wamekuwa wekundu kama matofali kwa yale maji ya kutu, lakini wanaruka. Wananipita kichwani wananicheka."

"Kwa nini hukusema jana?"

"Jana hukuniuliza. Mkuu wako aliniuliza tu kama nimeshakiri."

Inspekta aliinuka, akarudisha kigoda ukutani. Mlangoni aligeuka.

"Bata uliyekutwa naye kwenye mfuko, ulimpigia wapi?"

"Kiwandani. Na nilikuwa na njaa, uandike na hilo."

*

Daktari wa mifugo alifanyia kazi katika chumba kimoja nyuma ya machinjio, chenye meza ya bati na dirisha lisilofungika vizuri. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye aproni iliyosahau rangi yake.

"Karibu, Mama Maswali," alisema. "Mimi nimesomea ng'ombe, wewe kila siku unaniletea kuku wa Mungu."

"Leo wawili tu, kaka. Huyu kapigwa na Gobore upande wa kiwanda. Huyu kaokotwa ufuoni, hana alama."

Daktari aliwalaza ubavu kwa ubavu. Wa kwanza alikuwa na manyoya mekundu toka kifuani hadi shingoni. Daktari alichovya pamba kwenye kichupa, akasugua. Wekundu ukahamia kwenye pamba, na chini yake manyoya yakatokea meupe.

"Kutu," alisema. "Chuma cha kiwandani kimo kwenye maji, kinampaka anapoogelea. Sisemi ni kizuri. Lakini tazama ini hili, tazama mafuta haya. Huyu bwana alikuwa anaishi vizuri mpaka alipokutana na Gobore."

"Nimekaa kwenye lango la kile kiwanda wiki nzima, nikidhani maji yake mekundu ndiyo yanayoua."

"Ulikuwa unachunguza rangi, dada yangu. Chuma hakijifichi. Kinachoua hakina rangi."

Daktari alimgeukia wa pili. Alipopitisha kidole kwenye mfupa wa kifua, mfupa ulisimama kama makali ya kisu, nyama yote imeisha pande mbili. Lakini alipopasua, koo na tumbo vilikuwa vimejaa mbegu na majani, vimeshindiliwa, vimeanza kuchacha.

"Ndivyo metali hii inavyofanya. Inalegeza misuli, chakula hakishuki." Daktari aliacha utani. "Kafa kwa njaa huku kashiba."

Alikata firigisi. Ukuta wake wa ndani ulikuwa umegeuka kijani. Alimimina vilivyomo kwenye kisahani, akaviosha chini ya bomba. Vikabaki vijiwe vidogo, na katikati yake chembe za kijivu.

Inspekta alitoa bahasha mfukoni, akadondosha marisau ya Gobore kando ya chembe zile. Aliinama mpaka pua ikakaribia kisahani. Marisau yalikuwa ya mviringo, laini, yanabingirika. Chembe zilikuwa bapa, zenye kingo zilizovunjika, na moja ilikuwa na matundu yaliyopangana kama kimia.

"Hazitoki kwenye bunduki," alisema.

"Na ndege hana jeraha. Kazimeza mwenyewe."

"Kwa nini ameze metali?"

"Kwa sababu hana meno. Humeza vijiwe, vikakaa humu kwenye firigisi, vikamsagia chakula. Jiwe hamuulizi jina lake. Anatazama ukubwa tu."

Inspekta alifunga chembe zile kwenye karatasi, akazitia mfuko wa ndani wa koti. Kisha akasimama mlangoni akitazama manyunyu.

"Kaka, mtoto akimeza kitu kama hiki, picha ya eksirei itakionyesha?"

"Kama nyota usiku," alisema daktari. Akageuka. "Mtoto gani?"

*

Mtoto mwenyewe alikuwa kitanda cha dirishani. Nyumbani walimwita Chiriku, kwa kuwa tangu alipojifunza kusema mdomo wake haukupumzika. Aliongea na sahani, aliongea na viatu. Sasa alilala ameelekea ukutani. Mama yake, dobi, mwenye vidole vilivyokunjamana kwa sabuni, alikuwa anakunja nguo zake kuzitia kwenye kikapu cha kwendea nyumbani.

Daktari wa watoto alimpokea Inspekta kwenye korido. Alikuwa kijana mwenye macho ya mtu wa zamu mbili.

"Tumetafuta rangi ya ukutani, tumetafuta mabomba, hata masufuria ya mama mtu tumepima," alisema. "Nyumba ni safi. Siwezi kumweka hapa bila sababu. Kuna wenzake wanalala chini."

"Tumbo lake mmelipiga picha?"

"Kwa nini tulipige? Tatizo liko kwenye damu."

"Nakuomba. Ukikuta tupu nitambeba mgongoni mwenyewe mpaka kwao."

Kijana alimtazama, akashusha pumzi, akaita muuguzi.

Walisubiri kwenye benchi, Inspekta na mama Chiriku. Mama alikuwa ameshika kiatu kimoja cha mtoto. Picha ilipoletwa, daktari aliiinua kwenye mwanga wa dirisha. Chini ya mbavu ndogo za mtoto, katika mzunguko wa utumbo, kulikuwa na madoa meupe, makali, yaliyotawanyika kama chumvi iliyomwagika.

"Mungu wangu," alisema polepole. "Bado zimo humo."

"Nini zimo?" aliuliza mama. "Daktari, nini zimo kwa mwanangu?"

Inspekta aliingia wodini, akachuchumaa kando ya kitanda ili macho yake yalingane na ya mtoto. Alifungua ile karatasi kiganjani.

"Chiriku. Hivi unavijua?"

Mtoto aligeuka taratibu. Alivitazama. Kisha akafumbua mdomo, akainua kidevu juu, akatikisa shingo kidogo, kama bata anayeshusha maji.

"Anafanya nini?" aliuliza mama.

"Vya kusagia," alisema mtoto. Sauti ilikuwa nyembamba, kavu.

"Nani alikuambia ni vya kusagia?"

"Babu. Bata hana meno." Alipumzika. "Mimi nilikuwa bata mama."

"Babu alikupa umeze?"

Mtoto alitikisa kichwa kukataa. "Babu alikuwa anachekecha. Hakuniona."

Akageukia tena ukuta. Mama alibaki amesimama na kiatu mkononi.

"Baba yangu hawezi kumpa mtoto sumu," alisema. "Hawezi kumpa sumu hata nzi."

"Sijasema hivyo, dada," alijibu Inspekta. "Daktari, haendi popote leo."

"Haendi," alisema daktari. Tayari alikuwa anatoa nguo za mtoto kwenye kikapu.

*

Inspekta aliegesha gari mwisho wa barabara ya udongo, akazima injini. Kabla ya kushuka aliinamisha kichwa juu ya usukani. Ee Mungu, alisema, nipe maneno yasiyozidi. Kisha akafungua mlango.

Mlinzi wa bwawa alikuwa ufuoni. Watu walimwita Babu Korongo kwa ajili ya miguu yake mirefu na namna alivyotembea majini, akiinua goti na kutulia kabla ya kulishusha. Alikuwa anaokota bata waliokufa usiku, mmoja mmoja, akiwalaza kwenye gunia bila kuwatupa. Wazima walikuwa wamemzunguka karibu kabisa, wengine wakigusa buti zake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umempata aliyewaua?" Hakungoja jibu. "Na mjukuu wangu? Mama yake amesema leo anatoka. Nimefagia, nimemtandikia."

"Bado wanamwangalia. Mzee, ufuo huu haukuwa hapa mwaka jana."

"Haukuwa. Wa zamani ulichukuliwa na mafuriko, ukabaki tope tupu. Na bata bila vijiwe vidogo hana maisha, chakula kitamsaga nani? Nikasema nitawatengenezea mwingine." Alionyesha kwa mkono, na kwa mara ya kwanza uso wake ukakunjuka. "Tazama, zote ukubwa mmoja. Nilizichekecha mwenyewe. Chiriku alikuwa ananisaidia kuchagua."

"Kokoto ulizitoa wapi?"

"Kwenye ule uwanja uliofungwa, pale karibu na reli."

"Uliokuwa wa nini?"

"Karakana. Walikuwa wanavunja betri chakavu."

Neno hilo lilimtoka kirahisi, na baada ya kumtoka akabaki mdomo wazi kidogo. Inspekta hakumhimiza. Aliona karai la mzee pembeni ya gunia, akaliokota, akachota kokoto na maji, akaanza kulizungusha kama mtu anayechambua mchele. Vijiwe vyepesi vilipanda, akavimwaga. Akazungusha tena. Maji yalipotulia, chini ya karai kulibaki ukingo wa chembe za kijivu, nzito, zisizotikisika.

Alifungua karatasi yake, akaiweka kwenye mdomo wa karai. Chembe za ndege na chembe za ufuo zilifanana kama pacha.

"Hizi zimetoka kwenye firigisi," alisema. "Nyingine kama hizi ziko tumboni kwa Chiriku. Nimeziona kwenye picha."

Mzee hakukaa chini. Hakuinua sauti. Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Nilimwambia," alisema. "Nilimwambia bata humeza vijiwe. Aliniuliza nami nikamwambia. Alikuwa anauliza kila kitu."

"Hukumpa wewe."

"Nilimwaga mimi. Mkokoteni kwa mkokoteni. Hata mvua ikinyesha nilikuja." Bata mmoja alichomoa kijiwe kati ya buti zake, akakimeza, akaenda zake. Mzee alimfuata kwa macho mpaka akaingia kwenye matete. "Mwanangu, nimewaua wote."

"Mzee, nisikilize. Nani alikuruhusu kuingia uwanjani?"

"Mwenyewe. Bosi wa karakana. Nilikwenda kumwomba kokoto, akafurahi. Akasema beba zote, unisaidie kusafisha. Alinipakilia kwa koleo lake."

"Alivaa nini?"

"Nini?"

"Siku anapakia. Alikuwa amevaa nini?"

Mzee alifikiri, uso umekunjamana. "Glovu ndefu za mpira. Na kitambaa puani, kakikaza hivi."

"Chiriku alikuwepo?"

"Alikuwepo. Bosi alikuja na watoto wake kwenye gari. Walitaka kushuka wacheze na Chiriku, akawafokea. Akafunga milango." Sauti ya mzee ikashuka. "Mimi nilidhani anaringa. Nilidhani hataki wanawe wacheze na mjukuu wa mlinzi."

Inspekta akauliza, neno kwa neno:

"Alikuambia lolote kuhusu vumbi? Kuhusu kuosha mikono?"

"Aliniambia asante."

"Hayo utayasema mbele ya hakimu? Wakili wa bosi atakuuliza nani alimwaga. Atakuuliza mbele ya watu, na atakuuliza tena na tena."

"Nitasema ni mimi. Na nitasema alifunga milango ya gari." Mzee alivaa kofia, akaivua tena. "Lakini binti yangu usimwambie wewe. Nipeleke. Nataka ayasikie kwangu."

Njiani mzee alisali kwa sauti ndogo. Hakuomba asamehewe. Inspekta, aliyekuwa akiendesha, alisikia jina la mtoto likirudiwa, hilo tu, mpaka wakafika getini.

*

Kwenye mlango wa wodi mzee alivua buti zake, akaingia peku. Wodi ilikuwa imejaa: mama wawili kwa kitanda, watoto kwenye mikeka, muuguzi na sinia la dawa. Chiriku alikuwa ameshatundikiwa chupa, na mrija umebandikwa mkononi.

Babu Korongo alisimama mwisho wa kitanda. Alieleza yote bila kupunguza: mafuriko, uwanja, mkokoteni, chekecheke. Alipofika kwenye vijiwe vya kusagia alisita, akaendelea mpaka mwisho. Muuguzi aliweka sinia chini.

Binti yake alikuwa anakunja shuka. Alilikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Kila jioni alirudi akaniambia, mama, nimecheza na babu," alisema mwishowe. "Na mimi nikamshukuru Mungu. Nikasema, nikiwa kazini, mwanangu yuko mahali salama."

"Ndiyo, mwanangu."

"Usiniite hivyo sasa hivi, baba. Ningoje kidogo."

Mama aligeuka kwa daktari.

"Atapona?"

Daktari kijana alijibu bila kukwepa. "Zilizo tumboni tutazitoa, na dawa hii inavuta kilicho kwenye damu. Kilichokwisha kufika kichwani, hicho hakirudi chote. Atakua. Atacheza. Kama ataongea kama zamani, sijui. Na asirudi nyumbani mpaka ua na nguo na kila kitu kilichoguswa na vumbi la zile kokoto kioshwe. Akiimeza sumu hii tena baada ya hapa, sitakuwa na la kufanya."

"Umesikia, baba?"

"Nimesikia."

"Ule ufuo bado uko pale. Ndege wako wanashuka kila asubuhi kwa sababu yako. Watoto wa mtaa huwafuata kuwatazama. Kesho utakwenda kuwaita tena, kwa kuwa hujui kazi nyingine."

Inspekta alirudi nyuma hatua moja. Hilo halikuwa lake kulijibu.

Mzee alisogea karibu zaidi na kitanda. Aliweka mkono juu ya chuma chake, akainua uso, akazungumza ili mpaka wa mlangoni wamsikie.

"Nasema mbele yenu, akina mama, na mbele ya daktari, na mbele ya afande huyu, na Mungu ananisikia. Kuanzia leo hakuna ndege atakayetua pale, na hakuna mtoto atakayekanyaga. Nitaizoa ile kokoto mpaka ardhi ibaki tupu, na usiku na mchana nitasimama majini nikiwafukuza. Nimewafundisha kunizoea maisha yangu yote. Sasa nitawafundisha kuniogopa. Na wewe, Chiriku, siku utakapouliza kwa nini bata wanamkimbia babu, mtu mwingine asikujibu. Nitakujibu mimi."